Hiari ya nani? Safari ya 'willing buyer, willing seller' hadi soko la Rongai

Ukiteremka Rongai siku ya soko, utalisikia fungu hili la maneno kabla hujamaliza safu ya kwanza ya wauzaji. Namaanisha Rongai ya Nakuru, si Ongata Rongai ya Kajiado, ambayo ndiyo huwajia wengi akilini jina hili likitajwa. Kijana ametandaza gunia chini na kupanga viatu vya mitumba juu yake. Mama wa makamo ameokota kimoja, amekikunja soli, amechungulia ndani, kisha ametaja bei yake. Kijana anacheka.

"Mathe, hiyo haifiki hata pesa niliyonunulia. Hii ni willing buyer, willing seller."

Mama anakirudisha kiatu polepole. "Sasa mbona bei umetaja wewe peke yako, kijana yangu? Hiyo willing yangu iko wapi?"

Mpenzi msomaji, swali la mama huyo lina uzito kuliko alivyodhani. Fungu hili la maneno, ambalo tukilifasiri neno kwa neno ni "mnunuzi aliye radhi, muuzaji aliye radhi", limezoeleka Kenya hivi kwamba hata asiyejua Kiingereza hulitamka bila kigugumizi. Utalisikia bungeni, katika ofisi za ardhi, kwa mabroka wa ploti, kwa wanunuzi wa maziwa na kwa wauza viatu. Kwa kuwa kila mtu analitumia, ni wachache wanaojiuliza kama wanalitumia sawasawa.

Nikisikiliza jinsi linavyotumika, nagundua maana tatu. Ya kwanza: bei haikupangwa na serikali wala chama cha ushirika, bali itapatikana kwa maelewano ya watu wawili waliokutana. Ya pili: ukishanunua umenunua, usinirudie kesho na malalamiko. Ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: aliyelipa pesa akapewa karatasi, basi swali la ardhi ile limekwisha, na anayeliuliza tena ni mchochezi.

Maana ya kwanza ni sahihi. Ya pili ni kosa la kawaida. Ya tatu ni kosa lililotugharimu sana, hasa sisi wa Bonde la Ufa. Ili kuona ni kwa nini, inatubidi turudi nyuma tulifuate fungu hili tangu lilikotoka.

Msemo uliozaliwa kortini

Wengi hudhani kwamba maneno haya yalizaliwa sokoni. La. Yalilelewa mahakamani, tena katika kesi ambazo muuzaji hakutaka kuuza hata kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya Australia ilitwaa kiwanja cha mtu aliyeitwa Spencer huko Fremantle Kaskazini ili kujenga ngome. Mwenyewe hakuombwa ruhusa. Sheria iliipa serikali uwezo wa kuchukua. Kilichobaki kubishaniwa ni fidia. Mwaka 1907 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba njia ya haki ya kujua thamani ni kuwawazia watu wawili: muuzaji anayetaka kuuza lakini hana shida inayomsukuma, na mnunuzi anayetaka kununua lakini hana haraka inayompofusha, na wote wawili wanaijua ardhi ile vizuri. Bei ambayo watu hao wangeafikiana ndiyo thamani ya kiwanja.

Uingereza nayo ilipotunga sheria yake ya fidia mwaka 1919, ikatumia kipimo hichohicho cha muuzaji aliye radhi katika soko huru. Mwaka 1939 suala likafika mbele ya Baraza la Faragha mjini London kutoka Vizagapatam, India, ambako ardhi ya mtawala mmoja wa kienyeji yenye chemchemi ya maji ilikuwa imetwaliwa. Majaji wakasisitiza tena kwamba mwenye mali aliyenyang'anywa ahesabiwe kana kwamba ni muuzaji aliye radhi anayepatana na mnunuzi aliye radhi.

Hapa Kenya habari hizi hazikuwa ngeni. Sheria ya India ya mwaka 1894 kuhusu kutwaa ardhi ndiyo iliyotumika kwetu wakati wote wa ukoloni, hadi ilipochukuliwa nafasi na sheria yetu wenyewe mwaka 1968.

Sasa tuangalie jambo moja linalosahaulika. Katika kesi zote hizo, yule "aliye radhi" ni mtu wa kuwaziwa. Hayupo. Aliyepo ni mwenye shamba aliyekasirika, na serikali iliyokwisha kuchukua. Maneno haya yalibuniwa kama chombo cha kupimia bei mahali ambapo hiari haikuwepo. Ni kama gorogoro pale sokoni Rongai. Gorogoro itakuambia mahindi ni kiasi gani. Haitakuambia yametoka ghala la nani.

Hiari iliyoandikwa mwaka 1904

Tuje nyumbani. Jina Rongai lenyewe ni la Kimaa, na hubeba maana ya wembamba. Jina hilo ni ushahidi: wanaopaita mahali kwa lugha yao ni watu waliopajua na kulisha mifugo yao hapo.

Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart aliandikiana mkataba na Olonana na viongozi wengine wa Wamaasai. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondoka katika malisho ya Bonde la Ufa ya kati, yaliyokuwa karibu na reli, wakagawanywa sehemu mbili: wengine kaskazini Laikipia, wengine kusini. Malisho waliyoyaacha ndiyo yaliyofunguliwa kwa walowezi. Na mkataba ule unatangaza waziwazi kwamba viongozi wale waliamua hivyo kwa hiari yao wenyewe.

Soma tena: kwa hiari yao. Mapema kiasi hicho, neno la ridhaa lilikuwa limeshawekwa kwenye karatasi kabla ya kuulizwa kama ridhaa yenyewe ilikuwepo. Ahadi ilikuwa kwamba makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hayakufikisha hata miaka kumi. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba wa pili, na walio Laikipia wakahamishwa kwenda kusini. Baadhi yao wakaenda kortini. Kesi hiyo ya mwaka 1913, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, ilitupwa nje. Mahakama haikusema kwamba waliridhia. Ilisema kwamba mkataba ule ulikuwa jambo kati ya taifa la Uingereza na Wamaasai, kwa hiyo haukuwa na nafasi mbele ya mahakama za kawaida.

Mambo yakaendelea. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikaufanya muda huo kuwa miaka 999. Katika miaka ya 1920 ilijengwa njia ya reli ya kwenda Uasin Gishu, na kituo cha Rongai kikawa njia panda, maana hapo ndipo tawi la kwenda Solai lilipochepukia. Mahindi yakajaa bondeni, na mkonge ukaenea kule chini upande wa Majani Mingi na Mogotio.

Mashamba makubwa yanataka mikono. Hapo ndipo tunapokutana na neno lingine la Kiingereza lililojigeuza Kiswahili: skwota. Familia kutoka Kiambu, Murang'a, Baringo, Kericho na kwingineko zilikuja kuishi kwenye mashamba ya walowezi, zikapewa sehemu ya kulima na kulishia, na badala yake wakafanya kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanzoni wengi walikuja kwa kupenda, kwa sababu ardhi ilikuwa tele na walowezi walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo yakageuka. Walowezi waliona mifugo ya maskwota imekuwa mingi, wakaanza kuiondoa mashambani. Watu waliofukuziwa ng'ombe na mbuzi wao wakakipa kipindi hicho jina la Kiswahili ambalo wanahistoria wamelihifadhi hadi leo: kifagio. Neno moja tu, lakini linaeleza kuliko ukurasa mzima wa sheria. Hakuna anayefagiliwa kwa hiari.

Lancaster House: nani alimuuzia nani?

Ikaja miaka ya 1960. Katika mikutano ya Lancaster House mjini London, swali la ardhi ya Nyanda za Juu lilikuwa kaa la moto. Walowezi waliogopa kunyang'anywa. Serikali ya Uingereza haikutaka kuwaacha raia wake hivi hivi. Viongozi wetu walitaka uhuru usicheleweshwe. Kanuni iliyoshinda ndiyo hiyo tunayoizungumzia: ardhi ingehama kwa kuuzwa na kununuliwa, na katiba ya uhuru ikawekewa vifungu vizito vya kulinda mali.

Mwaka 1962 ukaanza mpango mkubwa wa makazi, maarufu kama mpango wa ekari milioni moja. Takriban familia 35,000 zilipewa vipande katika skimu zilizogawanywa kutoka kwenye mashamba ya walowezi. Fedha zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi, na sehemu kubwa yake ilikuwa mkopo. Bei ziliegemezwa kwenye thamani za mwaka 1959, yaani kabla ya habari za uhuru kuliangusha soko. Mkulima aliyepewa kipande akaanza maisha mapya akiwa na deni la ardhi la kulipa kwa miaka 30, pamoja na riba.

Sasa tulipime neno letu. Muuzaji aliye radhi tunamwona: ni mlowezi aliyetaka kuondoka, na aliyepewa bei ambayo soko la wakati ule lisingempa. Lakini mnunuzi aliye radhi ni nani? Anayenunua ni serikali. Anayelipa ni mkulima. Anayekadiria bei ni mthamini wa serikali. Mkulima hakukaa mezani na mlowezi wakavutana bei hata siku moja. Aliambiwa: deni ni hili, weka kidole gumba hapa. Na yule ambaye babu yake alilisha hapo kabla ya 1904, au aliyezaliwa hapo kama mtoto wa skwota na sasa hakubahatika kupata kipande, hatajwi kabisa. Maneno ya Kiingereza yana viti viwili tu, na yeye ni mtu wa tatu.

Agosti 1963, Jomo Kenyatta alikutana na walowezi mjini Nakuru akawatuliza: tusameheane, tufanye kazi pamoja, mashamba yenu hayatanyakuliwa. Kwa amani ya wakati ule, hotuba ile ilifanya kazi kubwa. Lakini ndani ya serikali hiyohiyo Bildad Kaggia aliuliza swali ambalo halikujibiwa: kwa nini mtu anunue kilichochukuliwa kwake bila kulipwa? Mwaka 1964 alipoteza cheo chake cha waziri msaidizi kwa sababu ya msimamo wake kuhusu wasio na ardhi.

Nje ya skimu, mashamba mengine yalinunuliwa mazima. Wenye uwezo na walio karibu na mikopo walinunua peke yao. Wanyonge walichanga. Katika miaka ya 1970 Nakuru ilijaa vyama na kampuni za kununua ardhi, Ngwataniro ikiwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi. Watu waliuza mbuzi, wakakopa, wakachanga shilingi moja moja, wakapewa vyeti vya hisa. Wapo waliopata vipande vyao haraka. Wapo waliosubiri kupimiwa hadi wakazeeka, na wapo ambao cheti cha hisa ndicho kitu pekee walichowaachia watoto wao.

Kweli mbili katika kijiji kimoja

Hapa ndipo maana ya tatu ya msemo wetu inapoanza kuuma. Chukua kijiji chochote cha bonde hili. Nyumba hii ni ya mjukuu wa mama aliyechanga kwenye chama, akalipa hadi senti ya mwisho. Ukimwambia ardhi si yake, unamdhulumu; jasho la nyanya yake liko ardhini pale. Nyumba ile ni ya mjukuu wa mtu aliyeondolewa bila kuulizwa, au wa skwota aliyefanya kazi kwenye shamba hilohilo miaka thelathini na siku lilipouzwa akaambiwa afungashe. Ukimwambia hana neno la kusema, unamdhulumu pia.

Huyu wa kwanza akisema "tulinunua, willing buyer, willing seller", anasema kweli kuhusu bei. Huyu wa pili akisema "hakuna aliyetuuliza", anasema kweli kuhusu ridhaa. Hawapingani. Wanajibu maswali mawili tofauti. Lakini kwa kuwa tumezoea kuutumia msemo huu kama rungu la kufungia mazungumzo, kila mmoja husikia kwamba mwenzake anamwita mwongo au mwizi. Wanasiasa wanalijua hilo. Moto uliowaka sehemu za Nakuru mwaka 1992, mapema mwaka 1998 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa na washaji wake, na sitaki kudai kwamba uliletwa na maneno manne ya Kiingereza. Ninachodai ni hiki: kuni zilikuwa zimekauka muda mrefu, na mojawapo ya sababu ni kwamba swali la ridhaa lilikuwa limejibiwa kwa risiti ya bei.

Baada ya 2008, serikali ilipotafuta mashamba ya kuwapa makao wakimbizi wa ndani kwa ndani, ilirudi kwenye kanuni ileile ya kununua kwa walio tayari kuuza. Na tatizo lilelile likajitokeza: mwenye shamba yuko radhi, serikali iko radhi, lakini majirani wa shamba hilo hawajaulizwa.

Tusijidhani wa pekee. Mkutano wa Zimbabwe wa mwaka 1979 ulifanyika Lancaster House vilevile, na katiba iliyotoka humo ikaifunga serikali mpya kwa miaka kumi kununua mashamba kwa wenye hiari tu. Kilichofuata mwaka 2000, mashamba yalipovamiwa na kutwaliwa kwa nguvu, kinajulikana. Afrika Kusini nayo ilianza na kanuni hiyo baada ya 1994 na imekuwa ikiilalamikia tangu hapo. Lakini ukivuka Namanga, msemo huu hauna mizizi kama ya kwetu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaonya mwaka 1958, katika andiko lake la Mali ya Taifa, kwamba ardhi ikifanywa bidhaa maskini wataishia kuwa wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 Tanganyika ikafuta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja. Tanzania ina migogoro yake ya ardhi, tena mingi. Lakini huko anayebishana hutaja kijiji, hati na kauli ya serikali. Hana mazoea ya kumnyamazisha mwenzake kwa maneno ya mthamini wa Kiingereza.

Kiswahili kinasemaje?

Wapo watakaoniambia, "Basi tupe tafsiri nzuri, yaishe." Tafsiri zipo, na kwenye magazeti yetu utakutana na "muuzaji na mnunuzi kwa hiari". Lakini kabla ya kutafsiri, tuyaangalie maneno yetu wenyewe, kwa sababu yana akili kuliko tunavyoyapa sifa.

Kiswahili kina radhi na ridhaa kwa upande mmoja, na hiari kwa upande mwingine. Yote yametoka Kiarabu, lakini si kitu kimoja. Radhi ni utulivu wa moyo: nimeridhika, sina kinyongo. Hiari ni uwezo wa kuchagua. Shina lake ndilo lililotupa pia neno heri, ndiyo maana tunasema "heri hiki kuliko kile", tunachagua. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, ambayo imeongoza masoko ya pwani yetu kwa karne nyingi, kuna haki inayotokana na shina hilohilo: mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa ana uchaguzi wa kuendelea na mauziano au kuyavunja. Yaani hiari haiishi pale pesa zinapobadilisha mikono. Inajumuisha uwezo wa kukataa.

Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Aliyefukuziwa mifugo akaamua kuondoka kimya kimya alitenda jambo, lakini hakuwa na hiari. Mkulima aliyetia kidole gumba kwenye deni alikuwa radhi, hata akashangilia, kwa sababu hatimaye alipata pa kulima. Lakini kwenye bei hakuwa na uchaguzi. Neno la Kiingereza "willing" huyafunika yote mawili kwa blanketi moja. Kiswahili hukulazimisha useme ni lipi.

Kipimo cha haraka ni hiki: angeweza kusema hapana na bado akalala salama usiku ule? Ikiwa hangeweza, tusimwite mwenye hiari, hata kama sahihi yake ipo. Wahenga walishasema hiari yashinda utumwa. Hawakusema sahihi yashinda utumwa.

Kwa hivyo, matumizi

Tuweke mambo mezani. "Willing buyer, willing seller" hutumika ipasavyo unapozungumzia bei au namna ya kuifikia bei. "Serikali haikupanga bei ya mahindi, wakulima waliuza kwa bei ya maelewano" ni sahihi. Mthamini akiandika kwamba shamba lina thamani fulani kwa kipimo hicho, yuko sahihi, hata kama mwenye shamba analia kwa sababu barabara inapita jikoni kwake.

Halitumiki ipasavyo kumfungia mnunuzi mlango baada ya kumwuzia mbuzi kwenye gunia. Kipimo cha asili kilidai wote wawili waijue mali vizuri. Ukinificha kwamba soli imegundishwa kwa supagluu, au kwamba ploti iko kwenye njia ya umeme, hapo hakuna hiari iliyokamilika, kwa sababu nilichagua kitu kingine kabisa. Anayetaka kusema "mnunuzi jihadhari" aseme hivyo. Asijifiche nyuma ya maneno haya.

Wala halitumiki kujibu swali la ardhi ni ya nani, ilifikaje hapo, na nani aliachwa nje. Kwa swali hilo tunahitaji maneno mengine: umiliki, urithi, dhuluma, fidia, maridhiano. Sheria zetu zenyewe zimekubali kwamba watu wawili hawatoshi. Tangu sheria ya udhibiti wa ardhi ya mwaka 1967, shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi. Nenda ukasikilize bodi inapoketi. Mzee wa kwanza kuuliza swali haulizi bei. Huuliza, "Mama wa nyumba yuko wapi? Watoto wanajua?" Na tangu mwaka 2013, sheria ya mali ya ndoa inasema mali hiyo haiuzwi mpaka wanandoa wote wawili wakubali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, hulinda mali, kisha inaongeza kwamba ulinzi huo hauifikii mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Hayo yote ni viti vya tatu vilivyoongezwa kwenye meza ya watu wawili.

Kama tafsiri ni lazima, napendekeza mbili badala ya moja. Kwa kipimo cha thamani tuseme bei ya maridhiano. Kwa tendo lenyewe la kuuziana tuseme mauziano ya hiari, na tulitumie pale tu ambapo kila anayeguswa alikuwa na uwezo wa kukataa. Sokoni hatuhitaji kubuni chochote. Kiswahili cha soko kina kupatana, kuelewana na kupunguziana, na vitenzi vyote hivyo vinaishia na "-ana", kumaanisha kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kuvitenda.

Yule kijana wa viatu naye alijifunza bila mwalimu. Mama alikuwa ameshapiga hatua tatu aliposikia akiitwa.

"Mathe, rudi basi. Ongeza kitu kidogo tuelewane."

Akarudi. Wakavutana, wakacheka, akalipa. Kabla ya kuondoka alikikunja tena kiatu soli, mbele ya macho ya muuzaji, akamwambia, "Kikiachana kesho, nitakuletea hapa hapa."

"Lete tu, mathe," akajibu kijana.